Asubuhi Niliyolisafisha Bwawa

"Hivi wewe, ukifika peponi, utakubali kukaa, au utawaomba malaika ufagio?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu wa mlango wa pili, siku aliponikuta nafagia uwanja wake baada ya kumaliza wangu. Nikamjibu, "Wakinipa na ndoo nitashukuru zaidi." Tulicheka mpaka akashika ukuta.

Siku hizi swali lile likinijia, sicheki.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilikotoka. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa ufupi, maana msiba ukisimuliwa sana hugeuka porojo. Nilikuwa na mume na watoto wawili. Mwaka ule wa kipindupindu, mume wangu na binti yetu wa miaka minne waliondoka katika juma moja. Walikunywa maji ya kisima kilichokuwa kimeota utando wa kijani. Maji hayo niliyateka mimi, kwa mikono yangu hii.

Nikabaki na mvulana wa miaka saba. Nikapata kazi ya usafi kwenye zahanati, nikamlea kwa ufagio na klorini miaka kumi na tisa, mpaka akawa mwongoza wageni kwenye hoteli moja huko porini. Wiki iliyopita niliishia pale aliponipigia simu akasema, "Mama, funga begi. Unakuja kupumzika. Halafu kuna jambo nataka kukuonyesha."

"Jambo gani?"

"Ukifika utaliona."

Nikafunga begi.

Hoteli yenyewe iko mbali. Gari lilikwenda kutwa nzima, lami ikaisha, nyumba zikaisha, na mimi nikamaliza dua zote ninazozijua nikaanza tena. Mfanyakazi wa pale huruhusiwa mara moja kwa mwaka, msimu wa wageni wachache, kumleta mzazi mmoja akae siku nne kama mgeni kamili. Mwanangu aliweka sahihi yake getini: mgeni huyu ni wangu, akikosea nimekosea mimi.

Askari wa getini alikuwa kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Naomba simu."

"Marahaba. Simu yangu imekukosea nini?"

"Haijakosea. Wageni wote huacha simu hapa, ili wapumzike."

"Na mwenye mgonjwa nyumbani?"

"Una mgonjwa nyumbani, mama?"

"Sina."

"Basi lete."

Nikampa. Akaendelea, "Kuna mfuko wa plastiki? Sabuni ya dukani? Dawa yoyote ya kuulia wadudu? Huku hatutumii, mama. Maji wanayooga watu ndiyo yanayonywewa na wanyama."

"Hakuna, mwanangu," nikasema.

Ndani ya begi langu, katikati ya kanga mbili, kulikuwa na kopo la poda ya mtoto. Ndani ya kopo hamkuwa na poda. Mlikuwa na unga wa klorini. Tangu niwazike wale wawili sijalala mahali bila unga ule. Kijiko kimoja, ndoo moja, nusu saa, ndipo nayaamini maji.

Askari alilitikisa kopo, akasoma maandishi ya nje, akanirudishia.

Sikuuhesabu kuwa uongo. Nilijiambia kwamba mwenyewe kasoma akaridhika. Mungu ndiye ajuaye nilivyojidanganya kabla ya kumdanganya mtu mwingine.

Chumba nilichopewa kilikuwa na paa la nyasi na kitanda kipana hata nikawa nalala ukingoni kama mtu aliyeazimwa. Taa zilikula jua mchana zikatoa mwanga jioni. Lakini choo! Choo kilikuwa shimo, juu yake kiti cha mbao kilichopigwa msasa, na pembeni ndoo ya maranda. Ukimaliza unamwaga kikombe cha maranda, basi.

"Mwanangu," nikamwita, "hawa wageni wametoka nchi za mbali kote huko kufuata choo cha shimo?"

"Mama, punguza sauti."

"Sisi tumekikimbia choo cha shimo maisha yetu yote, wao wanakifuata kwa ndege!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa kicheko cha baba yake, kile kinachoanzia puani. Nikageuka nikajifanya natafuta kitu kwenye begi.

Siku ya pili asubuhi akanipeleka kwa mkandaji, mwanamke wa makamo mwenye mikono mizito. Nililala kifudifudi juu ya kitanda chenye tundu la kuwekea uso.

"Mama, mabega haya yamebeba nini?" akauliza.

"Ndoo," nikasema.

"Hizi si ndoo peke yake."

Hakuna mkono wa mtu uliogusa mgongo wangu tangu mume wangu afe. Machozi yalianza kudondoka kupitia tundu lile, tone kwa tone, sakafuni. Nikaona mguu wa yule mama unasogeza taulo chini ya uso wangu, kimyakimya, kama mtu anayekinga paa linalovuja. Aliendelea kukanda.

Nilitoka pale mwepesi, nimelegea, nikiwa sina kinga. Ndipo nikaliona bwawa.

Lilikuwa bwawa la kuogelea, lakini halikuwa na vigae wala rangi ya buluu. Lilichimbwa kati ya mawe. Upande wa juu kulikuwa na kidimbwi kingine, kina chake magoti tu, kimejaa matete, na maji yake yalikuwa yakishuka taratibu kuingia bwawa kubwa. Kerengende wanaruka. Vyura wamekaa juu ya mawe kama wenye nyumba. Na kule kwenye matete, juu ya maji, kuna utando wa kijani.

Utando ule nilikuwa naujua.

Halafu nikamwona mtoto wa kike wa wageni fulani, miaka minne hivi, anaogelea na baba yake. Anapiga maji, anacheka, mdomo wazi. Anayameza.

Kando ya kidimbwi alikuwapo msichana aliyevaa sare ya hoteli, suruali ameikunja magotini, anakata matete yaliyokauka. Wenzake walimwita Bibi Bwawa. Kwa jinsi alivyolipenda bwawa lile, walisema kaolewa nalo.

Aliponiona aliacha kisu, akanawa mikono, akaja mbio, akarudisha mguu mmoja nyuma kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Binti, wewe ndiye mwenye maji haya?"

"Ndimi, mama."

"Kwenu hakuna ndoo? Hakuna brashi?"

Akatabasamu. "Mama, utani wako mkali."

"Si utani. Maji yana utando."

"Ule ndio unaoyasafisha, mama. Matete na ule utando vinakula uchafu. Hatuweki dawa. Tazama vyura wale. Chura hakai kwenye maji mabaya."

Chura hakai kwenye maji mabaya! Kisima kilichoniulia watu kilikuwa na vyura hadi mdomoni. Nikamtazama msichana yule kuanzia kichwani mpaka vidoleni, nikamhukumu. Nikasema kwa sauti, wenzake wanasikia, "Mwanamke asiyeona aibu ya maji machafu, atakayemwoa amejitafutia maradhi."

Wale wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bibi Bwawa, umepatikana leo!" Yeye hakucheka. Aliinama kidogo, akanibebea taulo langu mpaka chumbani, akaniuliza kama nimelala vizuri, kama chakula kimenikaa. Nikajiambia, huyu anajipendekeza. Mimi ninayejisifu kwamba macho yangu hayapitwi na kitu, nilimwona anavyonitunza na sikujiuliza kwa nini.

Alasiri ile ile, nikiwa nimekaa na tasbihi yangu kivulini, nikamsikia meneja akizungumza naye. Meneja ni mtu wa sauti ya chini, mtu ambaye hata akikasirika utadhani anakuomba chumvi.

"Wakaguzi wa mazingira wanafika keshokutwa. Ndio wanaotupa cheti. Nataka maji niyaone mpaka chini."

"Joto lilizidi mwezi huu, bosi. Nipe wiki mbili, matete yatayarudisha yenyewe."

"Sina wiki mbili. Fanya unavyojua."

Mnaona? Hata meneja anajua maji si safi! Basi ndivyo nilivyoelewa.

Nikamwendea mwanangu. "Kuna mtoto anaogelea kwenye maji yale."

"Mama, ni maji mazima. Yanapimwa kila mwezi."

"Hata sisi tuliambiwa kisima ni kizima."

Uso wake ukabadilika. Akanishika mikono. "Mama yangu, umekuja kupumzika. Kesho jioni nitakuonyesha lile jambo nililokuambia. Utafurahi. Kwa ajili yangu, kaa tu. Usifanye kitu."

"Sawa," nikasema.

Jioni, kwenye chakula, mtoto yule alikuwa meza ya jirani. Nikamsikia akimwahidi baba yake kwamba kesho atakuwa wa kwanza kuingia majini, kabla ya watu wote.

Kulipopambazuka niliswali alfajiri. Nikamwomba Mungu anionyeshe la kufanya, na nilipomaliza kuomba nilikuwa tayari nimelishika kopo. Ndiyo maana siku hizi naogopa dua za namna ile, unapomwuliza Mola huku miguu imeshavaa kandambili.

Njiani sikukutana na mtu. Ndege walikuwa wameanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kidimbwi cha juu, penye matete, kwa sababu ndipo palipokuwa na utando mwingi. Nikasema bismillahi. Nikaanza kunyunyiza kwa kijiko, kama kule zahanati. Kijiko kimoja, ndoo moja. Lakini bwawa lile lilikuwa ndoo ngapi? Nikaona kijiko kinanichelewesha, nikamimina kopo lote.

Nikanawa mikono. Nikarudi chumbani na moyo mweupe kabisa. Nikalala katikati ya kitanda, usingizi mtamu ambao sikuwahi kuupata tangu nifike.

Nilizinduliwa na ukelele wa mtoto.

Nikajua amekufa maji. Nikatoka mbio bila ushungi. Mtoto alikuwa hai, ukingoni, mkavu, kamng'ang'ania baba yake. Ananyoosha kidole bwawani.

Samaki wadogo walikuwa wameelea, matumbo meupe juu. Viluwiluwi wamesukumwa kando na maji kama kunde zilizomwagika. Chura mmoja mkubwa alikuwa akijaribu kupanda jiwe, anateleza, anajaribu tena, anateleza. Na harufu. Harufu ambayo mimi nimeivaa miaka kumi na tisa hata siisikii tena, asubuhi ile niliisikia.

Bibi Bwawa alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, na sare yake. Anawaokota vyura kwa mikono miwili, anawatia kwenye beseni la maji mengine. Alikuwa akisema nao. "Subirini. Subirini kidogo. Bado kidogo." Macho yamemwiva kwa dawa, machozi yanatoka, na hakuna aliyeweza kusema yapi ni ya dawa na yapi ni yake.

Mwanangu akaingia kumvuta. "Toka, utaungua!" Msichana akausukuma mkono wake.

Meneja akafika. Akachuchumaa, akachovya kidole, akanusa.

"Klorini," akasema, kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi. Kisha akamwambia Bibi Bwawa, "Niliposema fanya unavyojua, ndivyo unavyojua?"

"Sikufanya mimi."

"Miaka mitatu hoteli hii imesubiri maji haya yajitengeneze. Wageni wanakuja kwa ajili yake. Wewe umeyaua kwa asubuhi moja ili yaonekane meupe kesho."

"Bosi, sikufanya mimi! Nimepanda kila tete lililo hapa. Nitayaua mimi?"

"Nani mwingine alitakiwa ayafanye meupe?"

Tulikuwa watu kumi na zaidi. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake.

Naomba msinipite hapa haraka, kwa sababu hapa ndipo penye ungamo langu. Kumimina dawa lilikuwa kosa la ujinga, na mjinga huombewa. Lakini dakika ile nilikuwa nimeshajua. Mdomo nilikuwa nao. Niliufungua, nikamwona mwanangu amesimama, maji yanamchuruzika, na nikaikumbuka sahihi yake ya getini: akikosea nimekosea mimi. Nikisema, ataondoka yeye. Nikapima. Yule ni mtoto wa watu, huyu ni wangu, wa pekee niliyebakiziwa.

Nikaufunga mdomo.

"Gari la mizigo linaondoka saa tisa," meneja akamwambia msichana. "Rudisha funguo na sare."

Adhuhuri nilisimama kuswali nikasahau nipo rakaa ya ngapi. Nikaanza upya. Nikasahau tena. Nikakaa juu ya mswala kama mtu aliyefika nyumba ya watu akakuta hawapo.

Saa nane mwanangu akaja. Hakukaa kitini. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, karibu na miguu yangu, kama alivyokaa akiwa mdogo nikimchana nywele.

"Mama, nilikuambia kuna jambo nataka kukuonyesha."

"Ndiyo."

"Lilikuwa yeye."

"Yeye nani?"

"Bibi Bwawa. Leo jioni nilitaka nimlete kwako rasmi. Tumeahidiana tangu mwaka juzi. Alisema haolewi na mtu ambaye mama yake hajamwona." Akacheka bila furaha. "Jana ulipomsema mbele ya watu alikuja kuniambia, 'Mama yako mkali, nimempenda.'"

Nikalikumbuka taulo langu mikononi mwake. Nikaukumbuka ule mguu aliourudisha nyuma akiniamkia.

"Sasa anaondoka," nikasema. "Utamfuata."

"Kumfuata? Mama, nimeshamaliza naye."

"Umemaliza vipi?"

"Nilimwuliza, umefanya? Akasema hapana. Nikamwambia, basi nani, jini? Nikamwambia, aliyeweza kunidanganya kwa samaki atanidanganya kwa watoto. Pete yangu kanirudishia pale pale."

"Ulimwambia hivyo lini?"

"Pale jikoni. Mbele ya wenzetu." Akageuza uso kunitazama. "Si wewe uliyenifundisha, mama? Mwenye kudanganya kwa dogo, kubwa atalibeba tu. Ulinichapa kwa neno hilo."

Kweli nilimchapa. Alikuwa na miaka tisa, alikuwa amekana kuvunja kikombe.

Niliinuka. Nikaenda kwenye begi, nikatoa kopo, nikaliweka mapajani mwake.

Alilitazama. Akalifungua. Lilikuwa tupu. Akalinusa.

"Mama."

"Ndiyo."

"Mama, hapana."

"Mtoto yule alikuwa akiyameza. Alikuwa na umri wa dada yako."

Laiti angepiga kelele. Laiti angelitupa lile kopo ukutani. Alilifunika polepole, akahakikisha kifuniko kimekaa, akaliweka sakafuni.

"Ulikuwepo pale," akasema. "Meneja anamwuliza. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa ajili yako."

Aliposikia hivyo ndipo akalia. Mara ya mwisho nilimwona akilia hivyo alikuwa na miaka saba, na kulikuwa na majeneza mawili sebuleni, moja fupi.

"Inuka," nikamwambia. "Bado nusu saa."

Tulikwenda vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya jikoni. Chumba cha msichana kilikuwa na vitanda viwili vya chuma na dirisha moja. Bibi Bwawa alikuwa anafunga begi. Macho yake yalikuwa mekundu, mikono imebabuka mpaka viwikoni. Meneja alikuwa amesimama mlangoni akipokea funguo.

Sikusubiri kukaribishwa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilipita getini na klorini ndani ya kopo la poda. Nikamdanganya askari wako. Leo alfajiri nikaimwaga yote. Binti huyu hajui lolote, na mwanangu alikuwa hajui mpaka sasa hivi."

Meneja alizifumbata funguo. Akaniuliza, "Kwa nini, mama?"

Nikamweleza. Kisima, utando, mume, binti. Maji niliyoyateka mimi. Sikuwahi kuyasema hayo mbele ya mtu asiye jamaa, na niliyasema nimesimama, wima, kama anayetoa ushahidi.

Bibi Bwawa aliacha begi. "Uliimwaga wapi, mama? Bwawa kubwa au kwenye matete?"

"Kwenye matete."

"Yote?"

"Yote."

Alifumba macho. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Pale ndipo penyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Ungemwaga kule chini, ningeweza kuokoa."

Nje, dereva wa gari la mizigo alikuwa amewasha mashine.

Meneja akakohoa. Akamtazama mwanangu. "Wewe na sahihi yako tutazungumza baadaye." Kisha akamgeukia msichana, akamrudishia funguo, mkono umenyooshwa. "Nimekukosea. Mbele ya watu nimekukosea, na mbele ya watu nitasema. Fungua begi. Tutaanza upya bwawa, wewe ndiye unayejua."

Hakuzipokea. Alinijia mimi. Alipiga goti, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu. Aliona ngozi ilivyochanikachanika, nyeupe vidoleni, ngozi ya miaka kumi na tisa ya dawa. Aliweka mikono yake iliyobabuka kando ya yangu. Hakukuwa na tofauti kubwa.

"Mama," akasema, "wewe ulikuwa unamwokoa mtoto. Mimi nimekusamehe. Nimekusamehe kwa bwawa, na kwa kunyamaza pia. Mama akimwogopea mwanawe halaumiwi."

Niliangukia kitanda cha pili nikajifunika uso kwa kanga. Kusamehewa na mtu uliyemvunjia, tena bila yeye kudai kitu, kunachoma kuliko ile klorini.

Nikaisikia sauti ya mwanangu. Ilitoka kavu.

"Na mimi?"

Nikafunua uso.

Alikuwa ameitoa pete, kaiweka kwenye kiganja alichokinyoosha. "Nilikosea. Mbele ya watu nitasema, kama bosi alivyosema. Nitakwenda jikoni sasa hivi nimwite kila mtu. Nisamehe na mimi."

Bibi Bwawa alisimama. Akamtazama. Alimtazama kwa muda ambao ningeweza kusoma Fatiha mara mbili, na kwa kweli niliisoma, nikimwomba Mungu aufungue mdomo wa msichana yule kwa neno moja, hata la tusi.

"Sema," mwanangu akamwambia. "Nitukane. Sema chochote."

Aliikunja sare yake vizuri, mikono ya shati ndani, akaiweka juu ya mto. Alifunga zipu ya begi. Ilikwama katikati, akairudisha nyuma, akaivuta tena mpaka ikafika mwisho.

Kisha akaliinua begi begani, akapita katikati yangu na mwanangu, akatoka bila neno lingine.